Nyuma ya Picha Kuna Muhuri

Picha ni ya harusi. Bibi harusi ameketi kwenye kiti chenye miguu ya kuchonga, asumini kichwani, mikono imeiva hina mpaka karibu na viwiko, na nyuma yake limetundikwa lile pazia la studio lililochorwa ngazi za kasri. Iliporushwa kwenye kundi letu la wapenda picha za zamani za pwani haikuwa na mji wala mwaka. Ilikuwa na jina moja tu, la mwanachama aliyeirusha, limekatiza pazia kwa herufi nyeupe kubwa.

Haikupita nusu saa. Mama mmoja, aliyekuwa kimya kundini tangu aingie, akaandika: "Huyo ni mama yangu. Umeipata wapi, mwanangu?" Kijana akajibu kwa adabu kwamba aliikuta kwenye rundo la karatasi katika duka la vitu vikuukuu, akainunua, akaiskani, akakesha akiitoa madoa, na kwa hiyo, samahani sana mama, picha ni yake. Mzee mmoja, mpiga picha mstaafu, akaingilia: igeuzeni msome muhuri wa studio, mwenye picha ni aliyeipiga. Wa nne akafunga mjadala kama wanavyoufunga wengi: ikishaingia mtandaoni ni ya wote, tuacheni tufurahi.

Mimi ndiye niliyekuwa admini. Nikawaomba wote watulie mpaka keshokutwa, nikaenda kusoma. Keshokutwa ikawa miezi minne. Swali la nani mwenye picha ile lilinirudisha nyuma zaidi ya miaka 500, na karibu kila hoja iliyotolewa kundini jioni ile nikaikuta imekwisha kusimama mahakamani mahali fulani.

Tuanzie nyumbani, kabla ya mashine. Pwani yetu ilikuwa na vitabu muda mrefu kabla ya kuwa na kiwanda cha chapa. Utendi wa Tambuka, alioutunga Bwana Mwengo wa Pate na ambao hutajwa kuwa wa mwaka 1728, ulisafiri kwa kunakiliwa kwa mkono. Kunakili hakukuwa wizi. Kulikuwa hisani, na kwa wengine ajira. Aliyeunakili utenzi aliuokoa na mchwa. Lakini desturi ilikuwa na sharti. Watunzi wa tenzi walizoea kujitaja katika beti za mwisho, jina na nasaba, wengine na tarehe, na mnakili naye aliweza kuweka jina lake chini akiomba radhi kwa makosa ya mkono wake. Hakuna aliyemlipa mtunzi kwa kila nakala. Kulifuta jina lake ndiyo ilikuwa aibu.

Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, yaliishi vinywani mwa watu mpaka mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua alipoyakusanya akishirikiana na mmisionari Mwingereza William Taylor. Yalitoka kitabu mwaka 1940, Afrika Kusini, yakiwa yamehaririwa na William Hichens. Karne nzima, na jina la Muyaka halikubanduka. Nililiandika hilo kwenye daftari kwa wino mwekundu: kwetu deni la kwanza ni jina.

Ulaya walianza na deni jingine. Ipo hadithi ya Ireland ya karne ya 6, ya mtawa Columba aliyenakili kwa siri kitabu cha zaburi cha mwalimu wake Finnian. Mwalimu akashtaki kwa mfalme, na mfalme akahukumu kwamba nakala imfuate mwenye kitabu, kama ndama amfuatavyo mamaye. Ni hadithi zaidi ya historia, lakini angalia jambo moja: hakuna aliyeuliza zaburi zenyewe zimetungwa na nani. Ugomvi ulikuwa wa mwenye kitabu na mwenye nakala. Mtunzi hakualikwa.

Aliendelea kutoalikwa kwa muda mrefu. Mashine ya chapa ya Gutenberg ilipoanza kazi Mainz katika miaka ya 1450, kunakili kuligeuka biashara ya mtaji. Karatasi, wino, herufi za risasi, mishahara: mwenye mashine alizama kwenye gharama kabla ya kuuza nakala moja, na jirani yake angeweza kuchapa kitabu kilekile na kukiuza kwa bei ya chini. Mwaka 1469 Mjerumani Johann von Speyer alipewa na serikali ya Venice upekee wa kuchapa vitabu mjini humo kwa miaka 5. Mwaka uliofuata akafa, upekee ukafa naye, na Venice ikajaa wachapaji. London, mwaka 1557, chama cha wachapaji na wauza vitabu kilichoitwa Stationers' Company kilipata hati ya kifalme. Chama kikasajili nani achape nini, na Ikulu ikapata macho ya kukagua kila kinachochapwa. Mtunzi aliuza mswada mara moja, akaondoka na pesa zake, basi.

Utaratibu huo wa ukaguzi ulikufa 1695, na wauza vitabu wakabaki bila ngao. Walipokwenda kulia Bungeni hawakulia kwa jina lao wenyewe. Waliwalilia watunzi na wajane wa watunzi. Bunge likawachukua kwa neno lao. Sheria ya Malkia Anne, iliyoanza kutumika Aprili 1710, ndiyo ya kwanza kumtaja mtunzi kuwa mwenye haki: miaka 14, na kama bado yu hai ikiisha, mingine 14. Vitabu vilivyokwisha kuchapwa vilipewa 21. Wauza vitabu walikuwa wametumaini haki ya milele, na kwa zaidi ya miaka 60 waliendelea kudai kwamba wanayo, mpaka Alexander Donaldson, muuza vitabu wa Edinburgh aliyekuwa akichapa vitabu vya zamani na kuviuza rahisi, alipowashinda mbele ya Mabwana wa Bunge mwaka 1774. Siku ile ndipo lilipopata nguvu wazo kwamba kazi ya mtu ina tarehe ya kurudi kwa umma. Wale wanaosema "ni ya zamani, ni ya wote" wana deni kwa Mskoti huyo, ingawa wengi wao hawajui kuhesabu miaka.

Katikati ya safari hiyo kuna kesi ndogo ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1741 mshairi Alexander Pope alimshtaki muuza vitabu Edmund Curll kwa kuchapa barua zake. Curll akajitetea kwamba barua ikishatumwa ni zawadi kwa aliyepokea. Jaji akatenganisha vitu viwili ambavyo mpaka leo makundi yetu yanavichanganya: karatasi ni ya aliyepokea, maneno ni ya aliyeandika. Kumiliki karatasi hakukupi haki ya kuchapa kilichomo. Kijana wetu aliyeinunua picha ya harusi dukani alikuwa mmiliki halali wa kipande cha karatasi ngumu chenye ukingo wa meno.

Picha zilichelewa kuingia sheriani, na aliyeziingiza ni mtu mwenye hasira. William Hogarth alichonga michoro kwenye mabamba ya shaba na kuichapa, na kazi yake ya 1732 ilipopendwa, maduka ya London yakajaa nakala za wizi. Yeye na wenzake wakaliendea Bunge, na Juni 1735 sheria ya wachongaji ikaanza kutumika. Hogarth alikuwa na mfululizo mpya tayari. Akauficha mpaka siku sheria ilipoanza ndipo akautoa. Hata hivyo wezi walikuwa wamekwisha kutuma watu nyumbani kwake wajifanye wateja, wakaitazama michoro ukutani, wakaenda kuichora kwa kumbukumbu. Wapigaji wa skrinshoti wana babu zao.

Kisha ikaja kamera. Mwaka 1839 serikali ya Ufaransa iliununua utaalamu wa Daguerre na kuutangaza kuwa zawadi kwa ulimwengu, na swali jipya likazuka: picha ya mashine ina mtunzi? Uingereza ilijibu ndiyo mwaka 1862, Marekani 1865. Lakini jibu la kisheria ni jambo moja, na kulisimamia mahakamani ni jingine.

Januari 1882 Oscar Wilde, kijana wa nywele ndefu na soksi za hariri, alifika New York kwa ziara ya mihadhara. Napoleon Sarony, mpiga picha wa watu mashuhuri, akamwita studio kwake, akamketisha, akampanga mkono shavuni, akachagua mapazia na mwanga. Picha moja kati ya zile ikapendwa mno. Kampuni ya chapa ya Burrow-Giles ikatoa nakala 85,000 bila kumuuliza mtu. Iliposhtakiwa ikajitetea kwa hoja ambayo ukiisikia bila kujua ilikotoka utadhani imetolewa jana: kamera ndiyo iliyofanya kazi, Sarony alibonyeza tu. Machi 1884 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa. Ikataja mavazi, mkao, mapazia, mwanga na kivuli, ikasema yote hayo yalitoka kichwani mwa mtu, na mtu huyo ni mtunzi. Sarony akalipwa dola 610.

Nilipoisoma hukumu ile nilimwelewa yule mzee wetu. Amesimama miaka mingi nyuma ya kitambaa cheusi akiwaambia watu wainue kidevu. Anapoona picha inazunguka bila jina la studio, anaona miaka yake imefutwa.

Marekani, hata hivyo, si mahali pa kujifunzia unyoofu katika jambo hili. Sheria yao ya 1790 iliwalinda wenyeji peke yao, na kwa miaka mia moja vitabu vya Waingereza vilichapwa kule bila malipo. Charles Dickens alipozuru 1842 na kulalamika hadharani, magazeti yakamtukana kuwa ni mroho. Wageni hawakupata ulinzi mpaka 1891, na hata hapo kwa sharti kwamba kitabu kipangwe herufi na kuchapwa hukohuko Marekani. Nalitaja hili kwa wale wanaotuona sisi ndio mabingwa wa kunakili.

Tatizo la mipaka liliwashughulisha waandishi wa Ulaya kwa namna nyingine. Victor Hugo na wenzake walianzisha chama chao Paris mwaka 1878, na kutokana na juhudi zao ukazaliwa Mkataba wa Berne, uliotiwa saini Uswisi Septemba 9, 1886. Kati ya nchi 10 zilizotia saini zilikuwamo Haiti, Liberia na Tunisia. Mkataba ulipopitiwa upya Berlin mwaka 1908 likaingia sharti ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lisilojulikana kuliko yote katika makundi yetu: haki isidai usajili wala alama yoyote. Mtunzi akiandika, akipiga, akichora, haki imekwisha kuzaliwa. Kenya iliingia Berne 1993, Tanzania 1994. Marekani yenyewe, iliyokuwa iking'ang'ania alama na usajili, iliingia Machi 1989. Ile herufi C ndani ya duara ilipata uzito wa kimataifa kwa mkataba mwingine, wa Geneva, mwaka 1952. Leo ni tangazo tu. Kwa hiyo "haikuwa na alama" si utetezi. Nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba nimeiandika kwenye kanuni za kundi.

Kwetu hakimiliki iliingia kama ilivyoingia reli. Sheria ya Uingereza ya 1911, iliyoanza kutumika Julai 1912, ilitandazwa juu ya himaya, na ndiyo mama wa sheria zetu. Haikuwa sheria ya kipumbavu. Ilikuwa na kifungu kwamba mtunzi akiuza haki zake, miaka 25 baada ya kifo chake haki zinarudi kwa warithi. Solomon Linda, Mzulu aliyerekodi wimbo wa Mbube Johannesburg mwaka 1939 na kuambulia shilingi chache wakati wimbo wake ukizunguka dunia, alifariki 1962 akiwa fukara. Mawakili wa binti zake walikifufua kifungu hicho cha kikoloni, na 2006 familia ikapata makubaliano ya kulipwa. Mkoloni hakuwa akimfikiria Solomon Linda alipokiandika.

Kwa picha, sheria ile ya 1911 ilikuwa na mambo mawili, na hapo ndipo niliponyanyuka kitini. La kwanza: picha ililindwa miaka 50 tangu kutengenezwa kwa negativu. La pili: mtu akiagiza picha na kuilipia, mwenye hakimiliki wa kwanza ni yeye aliyeagiza, si studio, isipokuwa wamepatana vinginevyo.

Nikampigia yule mama. Nani aliilipia picha ya harusi? Akacheka. "Babu yangu mzaa mama. Alilipa kila kitu, hata viatu vya bwana harusi." Nikamwomba kijana aigeuze picha yake chini ya taa. Palikuwa na muhuri wa studio ya Mombasa, wino wa zambarau uliofifia, na pembeni, kwa penseli, tarehe: 1952.

Sheria zetu wenyewe zilikuja baadaye. Kenya na Tanzania zilitunga zao 1966. Tanzania Bara ikaiandika upya 1999, Kenya 2001, Zanzibar 2003. Kwa maandishi, muda wa jumla Kenya na Tanzania ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert aliaga dunia Juni 1962, kwa hiyo hesabu yake ilitimia mwisho wa 2012. Ulaya na Marekani zimeongeza mpaka 70, na huwezi kudhani kwamba kilicho huru Tanga ni huru Berlin. Kwa picha, sheria ya Kenya inahesabu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipotengenezwa, ilipotolewa kwa umma au ilipochapishwa, lolote lililo la mwisho. Maneno hayo manne ya mwisho yanaweza kumlisha wakili mwaka mzima.

Upande wa makala una historia yake. Kwa maoni yangu, kundi kubwa la kwanza la wapenzi wa fani katika Kiswahili cha chapa lilikuwa kwenye kurasa za Mambo Leo, gazeti lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923. Mtu aliandika shairi, mwingine wa mji wa mbali akalijibu, na adabu ilikuwa kumtaja unayemjibu. Deni la jina lililipwa. Gazeti lilichapwa mahali pamoja na mhariri alikaa mlangoni, kwa hiyo suala la idhini halikuwahi kumkera msomaji.

Mahakama nazo zilikuwa zimekwisha kuweka mstari ambao kila kundi la ufundi lingepaswa kuujua. Marekani, katika karne ya 19, warithi wa Charles Selden walidai kwamba kwa kuwa marehemu aliandika kitabu kuhusu namna fulani ya kutunza hesabu, hakuna mwingine awezaye kuitumia namna hiyo bila wao. Mahakama ya Juu ikasema kitabu ni chao, namna ya kufanya ni ya kila mtu. Ndivyo ilivyo kwa vipimo vya biriani, hatua za kutia maji bonsai na mfumo wa kufuma kofia. Unaweza kuvieleza upya kwa maneno yako bila kumwomba mtu. Huwezi kuchukua ukurasa wa mwenzako neno kwa neno, na picha zake sita, ukaurusha. Habari nayo ni hivyohivyo: tukio halina mwenyewe, maandishi yanaye.

Mtandao ulipokuja, kila mwenye kompyuta akawa ndani ya siku moja mchapaji, msambazaji na mhariri. Mwaka 1998 Marekani ilitunga sheria iliyoamua mzigo nani aubebe: jukwaa halitaadhibiwa kwa alichoweka mwanachama, almradi likiarifiwa na mwenye haki liondoe upesi. Ulaya ilifuata njia karibu na hiyo mwaka 2000, na Kenya ikaingiza utaratibu wa namna hiyo katika marekebisho ya 2019. Ukikuta picha imeondolewa kwa malalamiko ya hakimiliki, hiyo ndiyo asili yake.

Mwaka huohuo wa 1998 magazeti ya Los Angeles Times na Washington Post yaliwashtaki wenye Free Republic, mahali ambapo wanachama walibandika makala nzima za magazeti ili wazijadili. Walijitetea kwamba mjadala hauwezekani bila makala mbele ya macho. Mahakama ya California ikawaambia kwamba dondoo na kiungo vinatosha. Kubandika makala yote, siku baada ya siku, ni kulinyang'anya gazeti wasomaji. Naona hukumu ilikuwa sahihi, ingawa mimi mwenyewe nimefanya dhambi hiyo zaidi ya mara moja.

Upande wa pili nao una wachafu wake. Mwaka 2010 kampuni ya Righthaven ya Las Vegas ilizuka na biashara moja: kutafuta mtandaoni watu walionakili makala za magazeti na kuwashtaki bila kuwaonya kwanza. Kesi zilipita 200. Mmoja wa walioshtakiwa alikuwa amebandika makala moja ya maoni kwenye ukumbi wa watu wanaopenda kubashiri michezo, wala hakupata senti. Mwaka 2011 jaji alimwachia kwa sababu mbili: kampuni haikuwa hata na umiliki wa kweli wa makala ile, na kubandika kwake kulikuwa matumizi ya haki. Mahakama ya rufaa, 2013, ikaikubali sababu ya kwanza na kuifuta ya pili. Mtu akipona kesi namna hiyo asijisifu kuwa sheria imembariki.

Kesi iliyonifanya nibadilishe kanuni za kundi ilitoka Ujerumani. Mwanafunzi wa shule alikuwa akitengeneza kazi ya somo la Kihispania. Akakuta kwenye tovuti ya safari picha ya mji wa Córdoba, akaipakua, akaibandika kwenye kazi yake, na chini yake akaandika alikoitoa. Shule ikaiweka kazi kwenye tovuti yake. Mpiga picha, aliyekuwa ameiruhusu tovuti ile ya safari peke yake, akashtaki. Shule ikasema: picha ilikuwa wazi mtandaoni, haina kufuli, chanzo kimetajwa, na hatufanyi biashara. Tarehe 7 Agosti 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba kuipandisha picha upya mahali pengine ni kuitangaza kwa umma mwingine, na idhini inahitajika. Tena ikatofautisha jambo hilo na kuweka kiungo. Kiungo kinampeleka msomaji kwa mwenyewe, na mwenyewe akiifuta picha, nayo imefutika. Nakala uliyoipandisha wewe inabaki hata yeye akitaka isiwepo.

Mwanafunzi yule alikuwa amelipa deni letu la pwani, la jina. Halikutosha. Sheria iliyotoka kwa wachapaji inadai kitu kingine, ruhusa, na kutaja jina hakugeuki ruhusa hata uandike kwa herufi kubwa. Ni kweli Kenya na Tanzania zinaruhusu kunukuu kwa uhakiki au kwa habari za matukio, na zinadai jina litajwe. Lakini huo ni mlango mdogo. Aya mbili za makala unazozijadili zinapita. Makala nzima unayoirusha na neno "someni" haipiti.

Mahali madeni haya mawili yalipokutana kwa hiari ni kwenye leseni za Creative Commons, zilizotolewa Desemba 2002. Mtunzi anatoa ruhusa mapema, kwa wote, na katika mojawapo ya leseni hizo anachodai ni kutajwa tu. Hapo jina linakuwa ndilo malipo. Wikimedia Commons, iliyoanza 2004, imejengwa juu ya leseni za namna hiyo na juu ya kazi ambazo muda wake umekwisha. Nawaelekeza wanachama wetu huko kila wanapotaka picha ya ndege au ya jahazi. Kila mara yupo anayechukua picha na kuliacha jina, sharti lenyewe la kwanza.

Nilirudi kundini na majibu, kwa kuchelewa kwangu. Kijana aliumia kidogo. Mwaka 1999 mahakama ya New York iliamua katika kesi ya Bridgeman kwamba picha inayonakili kwa uaminifu mchoro wa zamani haizai hakimiliki mpya. Kuskani na kutoa madoa ni kazi ya heshima, lakini ni kuirudisha picha ilivyokuwa. Mzee wetu alikuwa na hoja ya Sarony mkononi, ila sheria ya mwaka ule ilimpa haki babu aliyelipa, na mama ndiye aliyekuwa karibu zaidi na babu huyo kuliko yeyote kati yetu. Na kwa hesabu ya sheria iliyokuwepo siku picha ilipopigwa, miaka 50 ilitimia 2002. Yule wa nne, aliyesema ni ya wote, alikuwa amepatia. Sababu aliyoitoa ndiyo ilikuwa mbovu; angeisema kwa picha ya juzi angekuwa amekosea kabisa.

Kijana alizifuta herufi zake nyeupe mwenyewe, bila kuombwa mara ya pili. Sasa picha ile iko kundini kwa pande zake zote mbili: mbele bibi harusi, nyuma muhuri wa zambarau na tarehe ya penseli, na chini yake jina la bibi harusi kama binti yake alivyolitamka, ambalo ametuomba libaki kwetu. Wewe mwenye albamu nyumbani, ukianza kuskani, geuza kila picha. Skani na nyuma.